Mtani Juu ya Godoro

Runinga ya Jamhuri ni mali ya serikali, hilo halina mjadala. Nembo yake ina rangi za bendera, na taarifa yake ya habari huanza na viongozi hata siku ambayo viongozi wenyewe hawakufanya kitu. Lakini msidanganyike, senti ya serikali haimo. Runinga inakula matangazo: sabuni, soda, mabati, chochote kinachouzika. Mkoa wenye matangazo hushiba. Mkoa usio nayo hufungiwa ofisi, na watu wake wakahamishwa.

Tanga haikuwa nayo. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, na watu wake wawili tu: Mwanasiti, mtangazaji, binti wa Kizigua mzaliwa wa Mwera, na Wilfred, mpiga picha, kijana wa Lushoto asiyependa maneno mengi. Kila Jumamosi walirusha mubashara kipindi cha Asubuhi ya Pwani kutoka kijiji hiki au kile. Watu walikipenda jamani, walikipenda mno, lakini kupendwa hakulipi bili ya umeme. Basi Bwana Ayubu, mkuu wa vipindi kule Dar es Salaam, akapiga simu na kusema bila kuzunguka: kipindi kisipopata mdhamini mwezi huu, ofisi ya Tanga inafungwa, na Mwanasiti atakwenda makao makuu kusoma hali ya hewa.

Hali ya hewa! Mtu aliyezoea kutaniana na bibi zake wa Pangani, leo asimame mbele ya ramani kuwatangazia watu mawingu ya Kigoma. Mwanasiti alikosa hamu ya kula. Hakuwa na haja ya Dar wala ya cheo cha Dar. Alichotaka ni kubaki na watu wake na kuwaonyesha kwa nchi nzima, basi.

Alizunguka mji mzima akitafuta mdhamini hadi visigino vikaota sugu, mwisho akampata Bi Imakulata wa Pongwe, mwenye kiwanda kidogo cha magodoro. Huyu mama alikuwa mtoto wa wakata mkonge waliotoka bara, mtu wa kanisani na kazini, na uso wake ulikuwa mkavu utadhani kicheko kinatozwa kodi. Alikubali kudhamini Jumamosi moja ya majaribio. Akiridhika, atadhamini mwaka mzima. Asiporidhika, wasimpigie simu tena. Na alikuwa na masharti yake: godoro litandikwe juu ya kitanda kizuri, shuka jeupe pe, na asilikalie mtu yeyote, kwa sababu bidhaa yake ni ya heshima.

Jumamosi ile walikwenda Mwera, nyumbani kwao Mwanasiti. Ndani ya nyumba kulikuwa na giza, kamera haikuona kitu, kwa hiyo Wilfred akakitoa kitanda uani. Wakalitandika godoro, wakalifunika kwa shuka jeupe likanyooshwa mpaka likakaza. Wanakijiji walifika wamevaa nguo zao safi, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wana kofia zao. Wilfred akawapanga kuzunguka kitanda na kuwaomba wanyamaze kabisa, mtu asikohoe hata, maana wako hewani muda wowote. Nao wakanyamaza, wameinamisha vichwa kwa haya ya kamera.

Sasa nyie mnaoijua Mwera mmeshaona kosa liko wapi. Kitanda uani, shuka jeupe, watu wamezunguka kimya wameinamisha vichwa. Mwanasiti mwenyewe, Mzigua wa damu, hakuona. Akili yake yote ilikuwa kwa Bi Imakulata, aliyesimama nyuma ya kamera amekunja mikono.

Aliyeona ni Mzee Eliudi. Huyu ni Mnyamwezi, alikuja ujanani kukata mkonge, akaoa, akazeekea Mwera. Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani, tena watani wa kweli. Mzigua akifa, mtani wake haombwi ruhusa: anakwenda msibani, anajilaza kaburini au pale maiti anapopaswa kulala, anatukana wafiwa wote, na shughuli haiendelei mpaka akombolewe. Kumkasirikia ni mwiko. Ukimkasirikia umejiaibisha wewe na ukoo wako. Mzee Eliudi alikuwa anatoka shambani na jembe begani, akaona msiba ambao hakuitiwa, naye kuumia akaumia.

Mwanasiti ndiyo kwanza amekaribisha watazamaji na ameanza kulisifia godoro, akaona jembe linatupwa chini na mzee anapenya katikati ya watu. Akapanda kitandani na vumbi lake miguuni, akajinyoosha chali, akakunja mikono kifuani.

"Wazigua mmefiwa hamniiti?" akasema, macho yanaangalia juu. "Haya. Maiti wenu hapiti mpaka niletewe jogoo."

Uwanja mzima ukafa kwa kicheko. Wilfred akaganda na kamera yake. Kwenye kifaa cha sikioni mwa Mwanasiti, Bwana Ayubu alikuwa anapayuka kutoka Dar kwamba mzee atolewe, atolewe sasa hivi, waende kwenye tangazo. Tangazo gani, na tangazo lenyewe ndilo lililolaliwa? Mwanasiti akamtupia jicho Bi Imakulata. Mama wa watu alikuwa anaitazama ile miguu yenye udongo mwekundu juu ya shuka jeupe, na uso wake hausomeki.

Mwanasiti akapima haraka. Akimtoa mzee kwa nguvu, amevunja utani mbele ya nchi nzima, na Mwera hatakanyaga tena. Akimwacha, mdhamini kwaheri, ofisi kwaheri. Mguu mmoja ukataka kwenda kumvuta, mwingine ukakataa. Mwisho akafanya kile ambacho mama yake angefanya. Alipiga goti kando ya kitanda, akamwamkia mzee shikamoo, akaanza kumtania.

Akamwambia kwamba hakuna aliyekufa, ni godoro linauzwa, na tangu lini Mnyamwezi akajua godoro, wakati mababu zake walizoea kulalia mizigo waliyobebeshwa hadi pwani. Mzee akajibu kwamba ni kweli walibeba mizigo, na mzigo mzito kuliko yote ulikuwa Wazigua. Watu wakashika mbavu. Wakabishana hivyo kuhusu jogoo, rangi yake na ukubwa wake, Mwanasiti akipenyeza sifa za godoro kila alipopata upenyo. Kisha akatupa neno, asijibiwe. Akatupa jingine. Kimya.

Mzee Eliudi alikuwa amelala. Si kwa utani, amelala kweli, mdomo wazi. Alikuwa shambani tangu alfajiri, na mwili wake ulikutana na kitu ambacho haujawahi kukutana nacho.

Bwana Ayubu akarudi sikioni, safari hii sauti imepungua. Simu zinaingia kutoka kila pembe, watazamaji wanauliza kama mzee amekata roho, na wengine wameanza kulia. Athibitishe haraka kwamba yu hai. Mwanasiti akasogeza kipaza sauti karibu na pua ya mzee, na nchi nzima, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba, ikasikiliza Mnyamwezi akikoroma.

Hapo Bi Imakulata akatoka nyuma ya kamera. Watu wakampisha. Wilfred akanong'ona, "Dada Mwanasiti, tumekwisha." Mama akafika kitandani, akamwinamia mzee, na Mwanasiti akajiandaa kuona akiamshwa. Badala yake mama alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunika mzee miguu, taratibu, udongo na yote.

"Baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka," akasema, si kwa kamera, alikuwa anasema tu. "Alilala juu ya magunia mpaka alipozikwa. Nilianza kutengeneza magodoro kwa ajili yake, akafa kabla la kwanza halijakauka gundi. Miaka yote nauza, sijawahi kumwona mzee wa mkonge amelala hivi."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja pale mbele alivuta kanga akajifuta macho. Wilfred hakuisogeza kamera hata kidogo.

Bi Imakulata akamgeukia Mwanasiti, uso bado mkavu, ila macho yana maji.

"Hili godoro msilipakie garini, ni lake," akasema. "Haya niambie, Jumamosi ijayo tunakwenda wapi?"

Mwanasiti akataka kujibu kwa sauti yake ile nzuri ya utangazaji. Akafanikiwa kutamka jina la kijiji tu, Kigombe, kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na kilio hicho nacho kikaenda hewani.