Majivu ya Kusugulia Sufuria

Asubuhi ile mkaguzi wa mazingira na meneja wa mtambo wa umeme walivutana mpaka chai ikapoa mezani. Sheria mpya ya serikali ilikataza majivu ya makaa ya mawe kutupwa ovyo: bwawa la majivu yenye maji litandikwe plastiki chini, na lundo la majivu makavu lifunikwe na kuzungushiwa uzio. Meneja alilia gharama weee! Mwishowe mkaguzi akalegeza kamba: bwawa lianze mara moja, lundo lisubiri miezi sita. Moyoni alijipongeza. Hatari aliiona kwenye visima vya jirani, ambako maji ya bwawa yangepenya. Lile lundo nani ana haja nalo?

Jioni akapitia kwa mama mkwe wake, mtaa wa nyuma ya mtambo, kumchukua bintiye ambaye kila siku hushinda kwa bibi. Mama mkwe huyo alikuwa na sifa mbili: usafi, na mdomo usio na breki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita uani uone sufuria. Zako nimeziona, nikanyamaza tu."

Mkaguzi akacheka, akapita. Sufuria zilipangwa juu ya benchi, zinang'aa hadi mtu angeweza kujitazama humo akichana nywele. Chini, mtoto alikuwa amechuchumaa na kitambaa, anasugua kifuniko, mikono ya kijivu hadi kwenye viwiko. Hata puani. Kando yake palikuwa na kopo la majivu laini kama unga.

Kicheko kikamkatika.

"Mama, haya ni majivu ya jikoni kwako?"

"Nitayatoa wapi, na mimi napikia gesi? Ya lundoni hayo. Hayakwaruzi hata kidogo. Mtaa mzima tunayachota."

Mkaguzi alimnyanyua mtoto, akamsogeza bombani, akaanza kumwosha mikono na pua. Mama mkwe akamtazama, utani ukamwisha.

"Kwani yana nini?"

"Yana sumu, mama. Inaingia mwilini taratibu."

"Acha mzaha. Kazi yako si ndiyo hayo majivu? Yangekuwa mabaya, si ungeniambia?"

Hapo ndipo palipomchoma. Akiulizwa habari za kazi katika nyumba hii, jibu lake lilikuwa "nzuri tu", basi. Na yeye mwenyewe amekua akisugua vyombo kwa majivu, lakini akili yake ilikuwa visimani.

"Nilijua, mama. Sikukwambia."

Akampigia meneja pale pale. "Ile miezi sita nimeifuta. Lundo lifunikwe wiki hii."

"Lakini si tulikubaliana!"

"Tulikubaliana vibaya."

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshika sufuria ndogo iliyong'aa kuliko zote, yenye uji. Aliumwaga polepole kwenye mtaro mpaka ukaisha.

"Wa mtoto huu," alisema. "Tangu aanze kula, namlisha humu."

Hakumgombeza. Mkaguzi alitamani sana agombezwe.