Duara la Watu Tisini na Wanne

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Asubuhi ilinyesha mvua nyepesi, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haikuonekana kabisa. Nilisali kama kawaida, kisha nikaongeza ombi moja kuhusu ramani.

Nasoma masomo ya jioni hapa Kigoma, katika chumba ambacho mchana ni cha watoto wa darasa la pili. Nina miaka hamsini na mmoja na magoti yangu hayaingii chini ya dawati, kwa hiyo nakaa upande. Mwalimu wetu, Thobias, ana miaka ishirini na saba. Kabla ya kuanza somo hutuamkia shikamoo, tunaitikia marahaba, halafu anatugombeza kwa kutofanya zoezi.

Muhula huu tulikuwa na mada ya dini za dunia. Mwalimu alitufundisha kwamba dini husafiri na watu, kwa misafara, kwa meli, kwa reli, na ikifika mahali hubadilisha vyakula, mavazi na majina ya watoto. Alitolea mfano Ujiji, ambako wafanyabiashara wa pwani walifika na Uislamu ukabaki. Nilijifunza pia habari za Wahindu na Wabudha. Wabudha niliwaombea nchi moja moja, kwa kufuata orodha ya ubaoni.

Zoezi la mwisho lilikuwa la wawili wawili: kuchora ramani ya nyumba za ibada. Kila nyumba iwe na duara, na ukubwa wa duara ufuate idadi ya waumini siku ya ibada kuu. Nilipangwa na Mzee Gharib, mtu wa Ujiji, anayeuza na kutengeneza taa za wavuvi. Tulipewa kipande cha kata ya Rusimbi chenye kanisa letu na msikiti mmoja.

Kanisa tulilihesabu Jumapili, tarehe 29 Oktoba. Nilikuwa nimefunga siku mbili. Tulisimama mlangoni, yeye akiweka alama kwenye daftari, na mwisho tukapata watu tisini na wanne. Mzee Gharib aliziangalia alama zake, akasema wanaume wamekuwa wengi. Nikamwambia Mungu ni mwema. Akasema hilo halina ubishi.

Ijumaa iliyofuata alikuwa na msiba Uvinza, kwa hiyo msikiti ukangoja hadi tarehe 10 Novemba. Yeye alihesabia ndani, mimi nikahesabia barazani kwa jirani. Wote tulipata thelathini na wanane. Nilimpa pole kwa uchache wao.

Sasa niseme kwa nini tisini na wanne walikuwa jibu la maombi. Kanisa letu halina mchungaji wa kukaa. Anakuja mara moja kwa mwezi kwa boti kutoka Mwamgongo, ziwa likiruhusu. Mume wangu alipofariki halikuruhusu, siku mbili mfululizo. Ibada ya maziko ikasomwa na mzee wetu wa kanisa, Mzee Eliakimu, ambaye kwa kukosa miwani aliruka ukurasa mzima na kumzika marehemu bila kumwombea. Tangu hapo, miaka minne, naomba mchungaji. Wakubwa wa kanisa wanasema mchungaji wa kukaa hupewa mtaa wenye waumini themanini na kuendelea. Barua yetu ilikuwa iondoke Alhamisi, na Mzee Eliakimu alitaka iambatane na ramani yangu yenye sahihi ya mwalimu.

Kwa hiyo Jumanne hiyo jioni alikuja darasani kuichukua, akakaa dawati la nyuma, kofia magotini. Nikabandika ramani ubaoni. Kanisa lilikuwa duara kama sahani. Msikiti ulikuwa kama kifuniko cha chupa.

Leonardi, mlinzi wa stesheni, aliuliza kama Waislamu wa Rusimbi wamehama.

"Wamehamia kwa Mama Bariki," akasema Asia, anayeshona nguo sokoni, akininyooshea kidole. Darasa likacheka. Mzee Gharib naye alicheka, lakini kwa kifupi.

Mwalimu alisifu rangi, akashika kalamu atie sahihi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaeleza habari ya barua na mchungaji. Hapo Mzee Gharib akanyanyua mkono, kama mtoto.

"Mama Bariki, Jumapili ile ilikuwa mbalamwezi. Wavuvi wako na wavuvi wangu walikuwa nyumbani. Ijumaa iliyopita ilikuwa giza, wote walikuwa kambini ziwani na taa zangu."

Nimeanika dagaa kwa miaka ishirini na miwili. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa, wavuvi wanarudi mjini, na vichanja vyangu vinakaa vitupu. Jumapili ile vilikuwa vitupu. Nilishukuru kwamba nimepata nafasi ya kufunga.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ileile.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Na nilidhani unajua. Mwenye dagaa ni wewe."

Mwalimu alirudisha kalamu mfukoni, akasema nihesabu tena au niache, lakini kama ilivyo hatii sahihi. Mzee Eliakimu akazungumza kutoka nyuma, taratibu. Alisema tisini na wanne si uongo, kwani waliingia kwa miguu yao wenyewe, na barua itaondoka na ramani hata bila sahihi. Bila wavuvi, alisema, hatufiki arobaini, na mimi najua.

Nilijua. Niliomba macho yakiwa wazi, maana watu walikuwa wananitazama. Nilimwona mume wangu na ule ukurasa ulioachwa. Sikupata jibu jipya. Nilipata lile la zamani, usishuhudie uongo, ambalo mimi huwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kila wiki.

Nikaibandua ramani, nikaikunja, nikasimama. Dawati lilinikwaruza goti.

"Mwalimu, Mzee Eliakimu, na ninyi wote mnanisikia. Jumapili hii, wavuvi wakiwa ziwani, nitahesabu kanisa letu upya. Ijumaa ya mbalamwezi nitahesabu msikiti pamoja na Mzee Gharib. Namba zote nne zitaandikwa, na barua ya kanisa itangoja, nitaipeleka mimi mwenyewe ikiwa nazo zote, hata tukikosa mchungaji. Nimeahidi."