Peremende za Shemeji

Mtu anayevaa jaketi mwezi wa Julai katika jangwa letu ana jambo. Sisi huku Julai tunashinda chini ya banda la nje na kitambaa kibichi shingoni, na hata mbwa wanaona uvivu kubweka. Sasa shemeji yangu Leander kashuka kwenye gari la binti yake amevaa jaketi la jinzi, mkono mmoja mfukoni. Nikamkumbatia, nikamkaribisha, na moyoni nikajiambia: huyu nitamwangalia.

Binti yake Delora ndiye aliyemleta kutoka Phoenix. Alikuwa amepata kazi ya muda Nevada na hakutaka kumwacha baba yake peke yake na kisukari chake. Akanishika mikono, akaniomba, mama mkubwa tafadhali, mpikie kama ulivyokuwa ukimpikia baba mkubwa. Nusura nicheke. Marehemu mume wangu Cyprian nilimpikia vizuri sana. Ni yeye aliyekuwa akila vingine nyuma ya mgongo wangu, soda chini ya kiti cha gari, biskuti ndani ya buti ya mvua, na sisi huku mvua yenyewe tunaisikia kwa jirani. Madaktari wakamkata vidole vya mguu, wakamkata mguu, kisha tukamzika kando ya kanisa, na padri akasema Mungu amemwita. Mimi najua aliyemwita ni soda.

Kwa hiyo Delora alipoondoka nikaapa. Ndugu wawili wale, mmoja nimeshamzika. Wa pili hatatoka mezani kwangu kwenda makaburini.

Mkate mweupe nikampelekea dada yangu Adeline, nyumba ya pili, pamoja na viazi. Nikaloweka bawi, yale maharage yetu madogo ya kahawia yanayoota hata mvua ikitusahau. Nikachemsha machipukizi ya mpungate, mmea wetu wa miiba, niliyoyakausha mwenyewe tangu Aprili, nikaweka nyama kidogo na mboga za mwituni. Sukari niliifungia kwenye debe la unga. Ikabaki asali ya mpungate, ile niliyoipika Juni baada ya kuangua matunda kwa upondo mrefu mpaka mabega yakaniuma. Chupa hiyo nikaificha sebuleni, nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Fransisko. Cyprian angeweza kuiba biskuti ndani ya sanduku la benki, lakini mbele ya mtakatifu yule aliogopa. Nikaona nduguye naye kabatizwa kwa maji yale yale.

Leander alikula kila nilichompa, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Kabla ya kula aligeuka pembeni, akapandisha shati na kujidunga sindano yake ya insulini tumboni, nami kwa adabu nikatazama pembeni. Kisha akala bawi, akayasifu, akasema yanamkumbusha mama yao, akaomba tena. Hakuuliza mkate. Nimeishi na mtu mwenye kisukari miaka mingi, na sijaona anayesifu maharage bila kuuliza mkate uko wapi, labda awe na mkate wake mahali.

Asubuhi alijitoboa kidole, akasoma mashine yake, akaniambia sukari iko chini, chini kuliko alivyoizoea Phoenix. Nikampa hongera. Mdomo ndio uliompa, moyo haukutoa kitu. Cyprian pia alikuwa akijisomea mwenyewe, na sukari yake ilikuwa chini mpaka siku aliyolazwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipomtania hivyo alicheka, akasema alikuwa akilisubiri hilo jembe, akapanda juu ya banda kubadilisha fito zilizooza. Kazi aliijua. Lakini jaketi alishuka kulivaa kila alipopumzika, na alipolivaa alikwenda nyuma ya tangi la maji.

Adeline ndiye aliyemwona. Alikuja na bakuli tupu, eti kuazima chumvi, akaniinamia sikioni.

"Shemeji yako anatafuna," akasema. "Nyuma ya tangi. Karatasi kairudisha mfukoni ili isionekane."

"Anatafuna nini?"

"Ningejua ningekuja na bakuli? Nenda kaangalie. Halafu usije ukasema sikukwambia."

Leander alipoingia kuoga, jaketi lilikuwa kwenye msumari. Sikuwahi kupekua mfuko wa mgeni maishani mwangu, na mama yangu angenikata vidole. Nikapekua. Zilikuwa peremende, nyekundu na nyeupe, ngumi nzima. Sikukasirika tu, niliumia. Niliona Cyprian amerudi kutoka kando ya kanisa na mguu wake mmoja, kaja kunicheka jikoni kwangu. Nikazibeba zote, nikazizika ndani ya debe la unga.

Jioni alivaa jaketi. Mkono ukaingia mfukoni, ukasimama. Akanitazama. Mimi nilikuwa nasugua sufuria, nikisubiri aulize ili nimjibu yote niliyoyatayarisha. Hakuuliza. Kwetu mgeni hamuulizi mwenye nyumba kitu chake kiko wapi, na mwenye nyumba hamuulizi mgeni ana nini mfukoni. Tukakaa hivyo, watu wawili wenye adabu zao, tukasikiliza redio. Asiye na hatia angeuliza, nikajiambia. Kimya chake nikakichukua kuwa ushahidi.

Kesho yake alijidunga kama kawaida, akala bawi, akapanda juu ya banda. Jua lilikuwa limeshakuwa kali aliposhuka. Alikuja mpaka mekoni, akaketi kwenye debe lililogeuzwa, akafuta uso kwa kofia.

"Shemeji," akasema, "sukari imeshuka. Nipe kitu kitamu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hayo ndiyo maneno ya Cyprian, neno kwa neno. Cyprian alikuwa akiyasema akishika kifua na kuguna kama ngamia. Nikaweka mwiko chini, nikakunja mikono.

"Wimbo huo naujua," nikamwambia. "Nimeimbiwa katika nyumba hii mpaka mwimbaji akafa. Peremende zako ninazo mimi, na huzipati."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alicheka kidogo mahali pasipo kichekesho, kisha akaninunia kama mtoto, akasema nimemfungia mbuzi wake. Hatukuwa na mbuzi. Nikaona sasa huyu anazidi nduguye kwa maigizo. Akanyoosha mkono achukue kikombe cha maji, mkono ukapita kando ya kikombe, ukashika hewa.

Hapo nikamtazama macho. Cyprian alipoigiza, hata aguneje, macho yake yalikuwa kwenye kabati. Siku zote kwenye kabati. Leander hakutazama kabati, wala debe la unga, wala mimi. Hakuwa akitazama kitu.

"Mama," akaniita.

Nikamshika shingo. Shati lilikuwa limelowa, na ngozi ilikuwa baridi. Baridi, Julai, kando ya moto. Nikaogopa jinsi ambavyo sijaogopa tangu nimzike mume wangu.

Nilimwita Adeline kwa sauti iliyomfanya asiniulize mara mbili, nikakimbilia sebuleni. Peremende zilikuwa kwenye unga, na mtu aliyelegea hivyo angepaliwa nazo. Nikamsogeza mtakatifu. Sikumwomba ruhusa, nadhani alianguka, nilisikia kitu kikianguka. Nikarudi na chupa, nikachovya kidole, nikampaka Leander asali ndani ya shavu, kidogo, na tena kidogo, nikimsemesha. Nilimwambia ameze. Nilimwambia Delora ataniua. Nilimwambia mambo mengine ambayo hayakuwa yake, yalikuwa ya Cyprian. Adeline alikuwa amekwisha kupiga simu kliniki ya mjini Sells, na sasa alimshikilia kwa nyuma asianguke, akilia. Sijawahi kumwona Adeline akilia bila kusema.

Akameza. Akameza tena. Baada ya muda macho yakarudi, yakatafuta, yakaniona.

"Hii ni ya Juni hii?" akauliza kwa sauti nyembamba. "Umeipika vizuri."

Gari la wagonjwa likaja, wakampima, wakamchukua, nami nikaenda naye nikiwa na aproni. Muuguzi aliniuliza nimempikia nini. Nikamwambia, nikingoja kusifiwa au kushtakiwa, sikujua lipi. Akasema chakula changu hakina kosa lolote. Kosa ni kwamba sindano ilikuwa ile ile ya mkate mweupe na viazi vya Phoenix, na bawi huingiza sukari mwilini polepole, tena mtu mwenyewe yuko juu ya paa anafanya kazi. Dawa imekuta tumbo halina sukari ya kupigana nayo, ikampiga mwenyewe. Peremende zilikuwa za dharura. Daktari wake ndiye aliyemwambia azibebe, asizikose mfukoni hata siku moja. Siku zote zile nyuma ya tangi alikuwa akijiokoa na chakula changu, na hakusema.

Walimrudisha jioni. Nikampakulia bawi, maana ndiyo yaliyokuwepo, na kabla hajala akanigeuzia sindano niione. Alikuwa ameipunguza kama alivyoelekezwa. Safari hii sikutazama pembeni. Nilivaa miwani nikaisoma.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Niliona aibu. Nije kutafuna peremende nyumbani kwa mjane wa Cyprian? Halafu zikapotea, nikajua umeshanihukumu."

"Nilikuwa nimekuhukumu tangu ushuke garini na jaketi."

Akacheka, akala kidogo. Kisha akaniuliza kama kaka yake naye alikuwa akiniambia sukari imeshuka.

"Kila wiki," nikasema.

"Na ulijua anadanganya?"

"Nilijua. Macho kwenye kabati."

"Ukamfanyaje?"

Nilinyanyuka nikalifungua debe la unga. Peremende zilitoka nyeupe zote, na nilizifuta moja moja kwa aproni, nikazirudisha kwenye mfuko wa jaketi lake, nikafunga kifungo. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka yaanguke kwenye mfuko.

"Nilimpa," nikamwambia. "Nilimtukana, nikampa. Niliogopa isije siku moja ikawa kweli. Yule alinidanganya miaka yote ile na sikumnyima hata mara moja, Leander. Wewe umesema kweli siku moja tu, nikakukunjia mikono."