Maneno ya Shemeji

Everlyn alipotoka katika nyumba ya mumewe kule mtaa wa Satellite, mume huyo, Zedekiah, hakumfuata. Hakupiga simu wala hakutuma ujumbe. Miaka yote ya ndoa yao, mlango ukishafungwa, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hana akili, kwamba bila yeye angekuwa takataka. Mbele za watu alimshika mkono na kumwita malkia. Sasa aliketi kiti cha mbele kanisani, akalia, akaacha watu wamfuatie mke.

Wakamfuata. Akaja mzee wa kanisa. Akaja Philister, aliyesimamia harusi yao. Everlyn alikuwa amekodi chumba Waithaka, na mchana alishona sare za shule katika kibanda River Road. Aliwapa wote chai, akawasikiliza, akawaambia harudi. Hao hawakumwumiza sana.

Aliyemwumiza ni Joyline, mdogo wake, ambaye Everlyn alimlea tangu baba yao alipofariki. Jumamosi moja alikuja Waithaka na mkate na maziwa, wakapika pamoja, wakacheka kama zamani. Everlyn akalegea. Akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba hushtuka usingizini akidhani amesikia ufunguo wa Zedekiah mlangoni, na daktari amempa vidonge vya kumsaidia kulala.

"Pole, dada," Joyline akasema, akamkumbatia.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilimwombea "dada yetu Everlyn anayeugua akili." Kesho yake mama yao akapiga simu kutoka nyumbani Vihiga. "Mwanangu, nasikia unameza dawa za wazimu. Rudi kwa mumeo akutunze. Mtoto wa watu analia huku kila siku kwa simu."

Joyline alipopita kibandani jioni, Everlyn alisimamisha cherehani.

"Ni wewe uliwaambia habari za vidonge?"

"Nilimwambia shemeji peke yake. Anakupenda, dada. Hata kula hali. Alitaka tu kujua unalala aje."

"Na akasema nini?"

"Akasema alijua tu. Ati siku hizi unakumbuka mambo ambayo hayakutokea." Joyline akainamisha macho. "Ati kama tunakupenda tusikusikilize sana, kwa sababu hujui unachosema."

Maneno hayo Everlyn aliyajua mpaka mahali yanapovuta pumzi. Aliyasikia jikoni miaka mingi. Sasa yalitoka katika kinywa alichokilisha uji kwa kijiko, na msichana mwenyewe hakujua kwamba si yake.

"Joyline, umewahi kuniona nikidanganya?"

Mdogo wake akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mno.

"Sijui, dada."

Everlyn hakugombana naye. Alimwambia aende kabla mvua haijaanza. Tangu hapo, Joyline akipiga simu, Everlyn alimjulia hali, akamwuliza habari za kazi, na la moyoni hakumwambia tena.

Satellite hakurudi. Desemba ilipofika na watu wa mchumba wa Joyline wakaenda Vihiga kutoa mahari, hakuna aliyemwalika Everlyn. Nyumbani waliogopa angeanzisha fujo. Aliona picha kwenye simu: Zedekiah amevaa suti, amesimama mahali pa mkubwa wa nyumba, mama amemshika mkono.

Everlyn akautafuta uso wa mdogo wake, akaukuza kwa vidole viwili. Alikuwa amependeza. Akautazama mpaka macho yakajaa, kisha akaweka simu chini na kuendelea kushona sare za Januari.