Kinga ya Matumbo, kwa Mkono wa Vukoman

Vifaranga wa Radojka walikuwa wakiharisha tena. Tangu Pasaka makundi mawili yalikwisha kufa, na hawa arobaini ndio wa mwisho. Wakifa hawa, hafugi tena. Wale wa kwanza aliwalilia kwa sauti, wala haoni haya kusema.

Mkwewe Tijana, daktari wa mifugo mjini, akamletea pakiti ya unga. "Mama, huu unaimarisha kinga ya matumbo yao. Kila asubuhi, kijiko kimoja kwenye maji safi. Basi."

Kazi ya maji ilikuwa ya mumewe, Vukoman. Loo, bwana huyo! Anajua kila kitu, na asichokijua anakijua zaidi. Kwake dawa duniani ni moja tu: rakija, pombe kali ya plamu anayoipika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mafua, rakija. Mgongo, chua kwa rakija. Jino, sukutua, kisha umeze, usimwage neema.

Siku tano tu, vifaranga kumi na mmoja chali. Radojka akampigia Tijana simu kwa hasira. "Unga wako umeniulia kuku!"

Tijana akaja mbio, akainamia chombo cha maji, akanusa. Akanusa tena. "Baba, humu mna nini?"

"Rakija kidogo," Vukoman akajibu, kifua mbele. "Kwani mwanangu husomi unachonunua? Pakiti imeandikwa ina bakteria hai, mabilioni! Mnataka kuniletea vijidudu bandani? Nimeviua vyote kabla havijawafikia kuku. Hakikupona hata kimoja!"

Tijana akajishika kiuno. "Baba, hao bakteria ndio dawa yenyewe."

Kifaranga mmoja akaja akipepesuka, akamwangukia mzee miguuni.

"Maskini, amelewa," Vukoman akanong'ona.

"Afadhali yeye," akasema Radojka. "Wewe umeyafanya haya bila hata kulewa! Hebu nitokee hapa, na usikanyage tena bandani mwangu."

Akatoka. Radojka akaosha vyombo mara tatu, akakoroga unga kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, roho juu. Wale ishirini na tisa wakapona wote.

Jirani yake Mileva akaja kuwaona, akashangaa. "Shoga, umewapa nini hawa?"

"Unga ule ule," akasema Radojka. "Nimewapunguzia Vukoman tu."