Manowari ya Taulo Katika Posa ya Kinasih

"Muulize," mume wangu alimwambia mshenga wetu, "hayo mabawa ni ya nini."

Mshenga wetu, Pak Karsono, yaani Bwana Karsono, akapangusa kipaza sauti kwa leso, akainamisha kichwa kuelekea kwa wageni waliokaa upande wa mlangoni. Akasema kwamba familia ya upande wa mke, kwa unyenyekevu wote na bila kukusudia kumkwaza yeyote, inaomba kuelimishwa: chombo kisichopita kwenye hewa, mabawa yake yanapiga nini?

Tulikuwa tumeshabishana kiasi cha chai kupoa. Kwetu hapa mjini Klaten posa haisemwi baba kwa baba. Kila upande una mshenga wake. Mzazi akiwa na neno humnong'oneza mshenga, naye hulivika nguo za heshima kabla ya kulitoa. Ni utaratibu mzuri na umezuia ngumi nyingi. Ila haukutengenezwa kwa ugomvi wa vyombo vya angani, na washenga wetu wote wawili walikuwa hawajawahi kutazama hata hadithi moja ya mambo hayo.

Chanzo kilikuwa masinia ya zawadi. Upande wa mume huleta batiki na taulo zilizokunjwa kwa umbo la tausi au bata. Pak Sudibyo, baba yake Panji, kijana anayeposa, alikunja za kwake kwa mikono yake mwenyewe, akatoa manowari ya angani: pua ndefu, mizinga ya vijiti vya mdalasini, mabawa mawili ya taulo za waridi. Kusema kweli ilipendeza. Pak Sudibyo ni mtu wa himaya za nyota, wa malkia wanaosalitiwa na ndugu zao na vita vinavyorithiwa na wajukuu. Jumamosi ikifika, yeye na tamthilia yake. Mume wangu, Hendarto, ni wa vile vitabu vinene ambamo mhandisi amekwama peke yake chomboni, na sura nzima inaeleza jinsi anavyoisafisha hewa aliyokwisha kuivuta. Huisoma sura hiyo kama wengine wanavyosoma barua ya mapenzi. Nimemwona akitabasamu juu ya hesabu ya mafuta.

Mimi diploma yangu ni ya lishe, na nilikuwa na wageni wa kulisha. Binti yetu Kinasih alikuwa chumbani, amepambwa, anangoja, maana kwa desturi mwari hatoki mpaka washenga wamwite. Na shangazi yake Hendarto alikuwa amepiga hesabu ya saa njema, akasema mwisho ni adhana ya adhuhuri. Ikipita hiyo, pete isubiri mwaka ujao. Hendarto, anayedai ushahidi wa kila risasi inayopigwa kwenye filamu, hakuuliza swali hata moja kuhusu hesabu ya shangazi.

Pak Tarmuji, mshenga wa upande wa pili, ambaye kazi yake ni kuongoza sherehe za tohara, alijibu kwa sauti ya asali kwamba mabawa ni fahari ya chombo, na tausi haulizwi mkia wake ni wa nini. Wageni wakacheka. Hendarto hakucheka. Akanong'ona tena, na Pak Karsono akawasilisha, kwa masikitiko makubwa, kwamba huko juu hakuna hewa, hivyo mizinga ile ikilipuka haisikiki, na familia ingefarijika sana kama mheshimiwa baba wa kijana angelikiri hilo mbele ya mashahidi ndipo binti aitwe.

Ikafuata minong'ono mirefu upande wa mlangoni. Kisha Pak Tarmuji akasema kwamba familia ya mume imelipokea ombi hilo kwa mikono miwili, na inaomba kulirudisha kwa mikono miwili hiyo hiyo. Bila mlio hakuna vita, bila vita hakuna himaya, na asiyetaka himaya huenda hataki wakwe.

Watu wakaacha kutafuna.

Hapo ningeweza kummaliza mume wangu kwa sentensi moja. Tamthilia ya Pak Sudibyo naye huitazama, mlango ameufunga, sauti ameizima kabisa. Anasema ukizima sauti inakuwa sahihi. Nimemkuta amekumbatia mto, meli zinalipuka kimya kimya, machozi yanamtoka. Lakini aibu ya mume mbele ya wakwe huifuata familia hadi mazikoni. Nikaenda nyuma.

Kinasih alikuwa amefungua kidogo tu mlango wa chumba.

"Mama, wamefika wapi?"

"Kwenye mlipuko."

"Mpaka sasa?" Akakaa kitandani polepole, asije akaharibu nywele. "Panji hata hayapendi mambo haya. Sisi tunatazama mashindano ya mapishi."

"Najua."

"Baba akikataa je?"

"Usilie. Mpambaji ameshaondoka."

Bu Wuryani, yaani Bi Wuryani, mama yake Panji, akaingia akijifanya anatafuta maji. Tukatazamana.

"Bu, mumeo ndivyo alivyo siku zote?" akaniuliza.

"Siku zote. Na wako?"

"Malkia wao akifa, hali chakula."

Sebuleni Pak Karsono alikuwa anakohoa, dalili kwamba amepewa hoja mpya.

"Pete anayo nani?" nikauliza.

Akapapasa kipochi chake. Kwetu pete huvishwa na mama wa mume, si na mume, wala si na mshenga. Mengine yote pale sebuleni yalikuwa maneno.

"Spika ya msikiti imeshaanza kukoroma," nikasema. "Twende."

"Hatujaitwa, Bu."

"Tukingoja kuitwa tutazeeka humu. Kinasih, simama. Inua nguo usijikwae."

Nikamshika mkono mmoja, Bu Wuryani akamshika mwingine, tukapita katikati ya washenga, tukaruka waya wa kipaza sauti, tukaizunguka manowari. Hendarto akainuka, akafungua mdomo. Nikamwambia, bila mshenga, "Kaa." Akakaa. Pak Sudibyo, aliyekuwa amenyanyuka nusu, naye akakaa, ingawa yeye sikuwa nimemwambia.

Bu Wuryani akafungua kipochi, akashika kidole cha Kinasih, akaisukuma pete mpaka ikapita kifundo. Pak Karsono alikuwa katikati ya sentensi, na si mtu wa kuacha sentensi njiani. Akaimalizia kwenye kipaza sauti: kwamba huko juu, kwa mapenzi ya Mungu, hakuna hewa. Wageni wote wakaitikia amina.