Popo Kwenye Mteremko wa Kilomita Saba

Gari lilipofika uani, dereva mstaafu alilizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe, akalipiga teke tairi la nyuma, akainama kutafuta bomba la moshi. Lilikuwepo. Akahamia ubavu wa pili, akaona kifuniko kama cha tanki la mafuta, akakifungua, akakuta matundu ya kuchomekea waya.

"Sasa hili ni gari au ni pasi?" akauliza.

"Vyote viwili, baba," alijibu binti yake, aliyekuwa amehamishwa kikazi na sasa anawaachia wazazi wake gari hilo. "Mkilichaji, linakwenda kilomita sitini kwa umeme mtupu. Umeme ukiisha, injini ya petroli inaamka yenyewe."

"Sitini kwa neno la nani?"

"Kitabu chake kinasema."

"Kitabu hakijawahi kupanda mlima."

Majirani hawakungoja hata jua lizame. Walilibandika jina: Popo, maana si ndege wala si mnyama.

Huyu dereva alikuwa ameendesha malori ya mizigo miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu, na jina lake lilijengwa na jambo moja. Miteremko. Akifika kileleni alitoa gia, akaliacha lori liserereke kwa uzito wake, injini ikinong'ona tu, na siku zote alifika mwisho wa safari na mafuta mengi kuliko wenzake. Tajiri wake alimsifu mbele ya madereva wote. Wapo waliomwiga wakaishia korongoni. Yeye hakuishia popote ila kwenye kiti cha plastiki barazani, goti likimuuma.

Mkewe alikuwa mkunga, naye kastaafu. Miaka ile yote ya wodini alipelekwa kazini na kurudishwa na wengine, na alipotimiza sitini na moja alikwenda shule ya udereva bila kumwambia mtu, akarudi na leseni. Dereva alimpongeza vizuri sana. Kisha akaketi kando yake siku ya kwanza kwenda sokoni: "Kioo! Breki! Unaona lile shimo? Hukuliona!" Mkunga alirudi na nyanya na kichwa kinachogonga, akamrudishia ufunguo. Tangu hapo leseni ilikaa mkobani kama picha ya mjukuu.

Popo alipoingia, mambo ya nyumbani yalibadilika kidogo. Kulichaji kwa plagi ya ukutani kulichukua saa saba, na pasi ikiwashwa wakati huohuo swichi kuu iliruka, nyumba nzima ikazima. Ikabidi nguo zipigwe pasi asubuhi gari likishachomolewa. Dereva naye akaanza kulipima. Barabara tambarare, madirisha wazi, mwendo wa kistaarabu: kilomita arobaini na saba. Akiwasha kiyoyozi, arobaini na tatu. Siku ya mvua, taa na vifuta maji vikifanya kazi, arobaini. Sitini hakuiona hata kwa darubini. Halafu siku moja betri ikiwa imejaa pomoni, alikanyaga mafuta kwa hasira ili ampite mtu wa toroli, injini ikaamka ikanguruma.

"Nani kakuita?" dereva akaifokea.

"Umempigia mlango," alisema mkunga. "Kama kichanga. Ukibamiza mlango ataamka tu, hata kama kashiba."

Habari za vipimo hivi zilifika kwa mwanyumba, yaani mume wa dada yake mkunga. Huyu alikuwa fundi saa, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu, na nyumba yake ilikuwa juu ya mlima, kilomita ishirini na moja kutoka hapo: kumi na nne za tambarare, saba za kupanda. Akapiga simu. Mkunga aliiweka simu mezani kwa sauti ya wazi kwa sababu alikuwa anamenya viazi.

"Mwanyumba! Nasikia binti kakuachia tochi ya magurudumu."

"Tochi itakumulika Ijumaa," dereva akasema. "Nitakuja kwako na kurudi kwangu kwa umeme mtupu. Arobaini na mbili. Bila kuchomeka njiani, bila injini kukohoa."

"Na ikikohoa?" aliuliza mkunga, kisu kikiwa hewani.

"Haitakohoa."

"Mume wangu, nimeuliza ikikohoa."

Dereva akatazama simu. Mwanyumba kule alikuwa kimya, na kimya cha mwanyumba ni kibaya kuliko maneno yake.

"Ikikohoa, ufunguo ni wako. Mimi nitakuwa abiria."

"Nimesikia!" ilisema simu. "Mimi ni shahidi!"

Ijumaa waliondoka saa tatu asubuhi, madirisha wazi, kiyoyozi kimezimwa. Kioo cha mbele ya usukani kiliandika kwamba umeme uliopo ni wa kilomita arobaini na tano. Mkunga alikaa kushoto na karatasi ya miraba midogo magotini. Ndiyo kazi aliyoijua: wodini alikuwa akitia nukta kila baada ya muda fulani, uchungu umefika wapi, mtoto kashuka kiasi gani, na kwa kuutazama mstari tu alijua kama mambo yanakwenda au yamekwama. Sasa alitia nukta kila kilomita.

"Unaandika nini?"

"Naandika inachosema."

Tambarare ilikwenda sawa kwa sawa. Mlima haukuwa na huruma, kilomita moja ilikula karibu tatu, na walipofika kwa fundi saa zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Walikunywa chai upesiupesi kama watu wanaowahi kesi. Dereva hakuwa na wasiwasi. Safari ya kurudi inaanza na mteremko, na mteremko ni shamba lake mwenyewe.

Kileleni alisukuma kishikio cha gia hadi katikati, kwenye huru, yaani bila gia. Popo akaanza kuserereka. Kioo kikatoa maandishi ya manjano; dereva akabonyeza kitufe, yakaondoka. Katika malori taa za manjano zilikuwa kama watoto wa jirani, zinalia bila sababu. Alishika usukani kwa vidole viwili, breki akiigusa kwenye kona, mluzi mdomoni. Kilomita saba hazikula hata moja.

"Umeona?" akasema walipofika chini. "Bure kabisa! Hii haifundishwi darasani."

"Kuna harufu," alisema mkunga.

"Ni breki za lile lori lililotangulia."

Mkunga alitupa macho mbele. Barabara ilikuwa tupu.

Kilomita mbili kabla ya nyumbani, mbele ya karakana ya mageti, injini ikaamka. Haikukohoa sana. Ilisafisha koo tu, ikaendelea. Wachomeleaji hawakuinua hata vichwa. Dereva alihisi masikio yake yanapata moto, akasogea pembeni, akasimama.

"Kitabu kimesema uongo," akasema.

"Kitabu hakikuahidi kitu kwenye simu."

"Gari halifiki! Si mimi. Arobaini na mbili yenye mlima haipo ndani ya hii betri. Akitokea binadamu wa kuifikisha, uniite kuku."

"Basi Ijumaa ijayo nitajaribu mimi," mkunga akasema. "Nikishindwa, ufunguo wako na sitaugusa tena. Nikifika, ahadi yako iko palepale."

Angefanya nini? Alikubali. Aliamini kabisa kwamba hilo gari halifiki, na mtu akiamini hivyo huwa mkarimu.

Wiki ile mkunga aliibandika karatasi yake kwenye mlango wa kabati la vyombo, akawa anaitazama akiosha sahani. Nukta zilishuka polepole kwenye tambarare, zikaporomoka kwenye mlima, halafu pale kwenye mteremko mstari ukalala kama mkeka. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mara saba. Hapo ndipo jicho lake lilipokuwa linarudi. Miaka yote ya kazi alifundishwa kuogopa mstari unaolala pale unapotakiwa kuinuka. Kuna kitu kimezuia. Siku ya Jumatano alichukua kitabu cha gari, akavaa miwani, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa limefanywa na mtu. Alipofika anapopataka alikunja ncha ya ukurasa, akakitia kitabu mkobani mwake.

Ijumaa ya pili dereva aliketi kushoto. Hakujua magoti ayaweke vipi. Kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia kutafuta breki isiyokuwepo.

"Kioo," akasema.

"Nimeona."

"Lile shimo..."

"Tukifika kwenye shimo nitakuamsha."

Walianza na arobaini na tano, wakafika juu na kumi na mbili. Vilevile, hata moja haikupungua wala kuzidi. Dereva alishuka garini amechangamka.

Mwanyumba alikuwa mlangoni, lenzi ya kazi bado ipo kwenye paji la uso. "Karibu shemeji! Na wewe utingo, karibu, uoshe kioo."

"Cheka tu."

"Sicheki, nauliza. Mwanyumba, siku ile kilikushinda nini hasa? Mtu wa miaka thelathini na minane barabarani!"

Dereva alipuliza chai yake. "Betri. Betri ya lile gari imechoka. Binti aliitumia vibaya, anaendesha kwa pupa."

Maneno yalitoka laini kama yalikuwa yamekaa tayari. Mkunga alimtazama kwa muda wa kumeza funda moja. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kitabu chenye ukurasa uliokunjwa. Angeweza kukitoa pale mezani, mbele ya shahidi, na mwanyumba angekuwa na kicheko cha kumtosha hadi kaburini. Akaufunga mkoba zipu, akamwomba dada yake sukari.

Kileleni mkunga hakugusa kishikio cha gia. Alikiacha kwenye mwendo, akautoa mguu kwenye mafuta, akauweka juu ya breki kama mtu anayepapasa tumbo la mja mzito. Popo akateremka taratibu akitoa sauti nyembamba, kama mbu aliye chumba cha pili. Dereva akasubiri. Kioo kikaandika kumi na mbili. Kisha kumi na tatu.

Alidhani ameona vibaya. Akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa.

Kumi na nne.

"Linajaza?" akauliza.

"Linajaza."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye mteremko. Ukilizuia kushuka, magurudumu yanazungusha mota, mota inarudisha umeme kwenye betri. Lakini gia iwe imeingia. Ukiiweka huru umekata kamba, na hiyo nguvu yote inaishia kuzichoma breki."

Kumi na tano. Waliwapita watu wawili wanaosukuma baiskeli.

"Yale maandishi ya manjano," dereva akasema.

"Ndicho yalichokuwa yanasema."

"Kwa hiyo wiki ile..."

"Ni mkono wako, baba watoto. Betri ni nzima."

 Chini ya mlima kioo kiliandika kumi na nane. Dereva alipiga hesabu kimoyomoyo, akaipiga tena kwa kuanzia upande wa pili, jibu likawa lilelile. Pale alipofanya kazi iliyomjengea jina ndipo alipozimwaga kilomita sita. Alijaribu kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia. Binti hakufaa, kitabu hakikufaa, mkewe alikuwa anatazama barabara. Walipita karakana ya mageti, injini bado imelala. Uani kioo kilionyesha nne.

 Mkunga alizima gari, akachukua waya, akaenda kuchomeka. Ufunguo aliutia mkobani kwenye mfuko wa ndani, ilipokaa leseni.

Simu ilikuwa inalia kabla hawajavua viatu. Mkunga alinyoosha mkono kuichukua, dereva akawahi.

"Mmefika?" aliuliza mwanyumba. "Imekohoa?"

"Haijakohoa. Zimebaki nne."

"Lo! Kwa betri iliyochoka?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema leo kulikuwa na ubaridi, au upepo ulikuwa wa nyuma, na fundi saa asingejua. Dereva akakaa kwenye kiti cha plastiki, akalinyoosha lile goti bovu.

"Mwanyumba, nilikudanganya. Betri haina kosa. Mimi nililiweka gari huru kwenye mteremko, kama lori. Likikaa huru halijichaji. Ni mkono wangu."

Kule upande wa pili saa nyingi ziligonga kwa pamoja, zingine zikichelewa kidogo. Mwanyumba alizingoja zimalize.

"Yaani ile mbinu yako? Ile ya tajiri?"

"Ile ile."

"Na ufunguo?"

"Uko kwa mwenyewe."

Dereva aliuweka mgongo wake tayari kwa kicheko. Mwanyumba alikohoa, akasema tu kwamba dada mtu anasalimia, na kwamba wamesahau bakuli lao, akakata.

Mkunga aliingia akijifuta mikono. Alikuwa amesikia, kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

"Kesho nakwenda sokoni," akasema.

"Nenda salama."

"Kwenda utaendesha wewe. Kurudi kuna mteremko, nitaendesha mimi, na wewe utatazama."

"Mpaka lini?"

Mkunga alifikiri kwa dhati, kama alivyokuwa akifikiri mama mzazi anapomuuliza bado muda gani.

"Mpaka huo mkono utulie," akasema. "Njiani uukalie."